Funza Hawajui Mbalamwezi

Mwite Bibi Funza, atageuka. Zamani asingegeuka, na pengine ungeondoka na maneno yake yakikuchoma wiki nzima, ila sasa amezoea. Watoto wa Igombe humwita hivyo wakipita nje ya uzio wake huku wameziba pua, halafu jioni mama zao haohao hupitia mlango wa nyuma kuulizia kama sato wa vizimbani wameshavuliwa. Jina lake hasa ni Paskazia, mama Alex, mjane wa Masele, mzaliwa wa Ukerewe, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa mwanika dagaa.

Tena si mwanika dagaa wa kubabaisha. Wapo wanawake waliomwaga dagaa mchangani wakaenda zao kusukana nywele, jioni wakazoa dagaa pamoja na nusu ya ufukwe. Dagaa wa Paskazia walitandazwa juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa kwenye mawe, wakageuzwa kila jua liliposogea, na ukiwatia kinywani hukutafuna mchanga. Wanunuzi wa Kongo walikuwa wakiteremka mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia, wakiulizia "wale wa mama Alex" kabla hata ya kusalimia. Mpaka leo akikutana na harufu ya dagaa wabichi asubuhi husimama kidogo, anajifanya anafunga kanga upya. Watu wenye pua za mjini huiita harufu ile uvundo. Hao tuwaache na pua zao.

Lakini kinachomliza Paskazia si harufu. Ni mwezi.

Anayevua dagaa huvua kwa taa, na taa inafaa kitu penye giza tu. Mwezi ukishapevuka, ziwa lote linakuwa jeupe, dagaa wanatawanyika, na karabai yako inabaki pambo. Kwa hiyo watu wa mwaloni huugawa mwezi mafungu mawili. Kuna giza, wakati wa kazi, na kuna mbalamwezi, wakati wa kupumzika. Gizani wanaume hukesha ziwani, wanawake hulala jicho moja, na alfajiri wote wako ndani ya maji na ndoo wakipokea mitumbwi. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, paa linazibwa, harusi zinafungwa, na mwenye kwao anakwenda kwao. Wala hakuna anayeaga. Ukimkosa mtu mbalamwezi hushangai, unajua atarudi mwezi ukianza kuchelewa kutoka. Kalenda ya ukutani ilikuwa ya walimu na mapadri.

Na ndoa yake yote Paskazia aliiishi katika mbalamwezi. Gizani Masele alikuwa mume wa kupita njia: anarudi asubuhi macho mekundu, anakula ugali amesimama, analala fofofo mpaka jua lipoe, kisha huyo, ameshika taa yake na koti la mvua. Hata ugomvi haukuwezekana gizani, maana ugomvi unahitaji watu wawili walioamka. Mbalamwezi ndipo alipokuwa wake. Alikaa uani mbele ya nyumba waliyoijenga wenyewe, ile inayotazama ziwa, akamenya mihogo bila kuombwa, akamcheka mkewe anavyokisema Kisukuma kwa ulimi wa Kikerewe, akasimulia mambo ya ziwani ambayo nusu yake yalikuwa uongo mtupu. Watoto wao watano walizaliwa wakifuata hesabu za mbalamwezi, na wakunga wa Igombe waliligundua hilo mapema wakalifanya mzaha wao wa kudumu. Paskazia alikuwa akiwatukana, halafu anacheka nao.

Ziwa halikumchukua Masele, ingawa lilimjaribu mara nyingi. Alikufa kitandani, mchana kweupe, kwa presha. Wakampeleka kuzikwa kwao, kijiji kimoja mbele ya Sengerema, kama ilivyo desturi ya ukoo wao. Enzi hizo bado kulikuwa na kivuko pale Kigongo. Gari lenye jeneza lilipofika kwenye foleni, malori yalisogea pembeni yenyewe, na ndani ya kivuko akina mama wasiomjua Masele wala mjane wake wakaanza kuimba wimbo wa msiba. Paskazia alilia kuanzia ng'ambo moja hadi nyingine bila kubughudhiwa na mtu, na walipofika Busisi alikuwa amepata nguvu ya kuteremka. Sasa kuna daraja. Daraja ni zuri, hakuna asiyelisifu, wagonjwa wanavuka na mazao hayaozi. Ila unapita juu ya ghuba upesi mno, hata hujapata leso yako umeshafika. Paskazia akilisema hilo watu wanamtazama, basi ameacha kulisema.

Tangu msiba ule hakukosa mbalamwezi hata moja kaburini. Mwezi ukianza kujaa anafunga mlango, anavuka, anafikia kwa wifi yake Getruda, dada wa Masele aliyebaki kwenye mji wa ukoo. Hapo anakaa mpaka mbalamwezi iishe. Asubuhi anafagia kaburi, mchana anamsaidia wifi yake kupukuchua mahindi, jioni wanatoa mkeka wao wawili nje karibu na kaburi wanaongea. Hawaongei mambo ya huzuni. Wanasengenya.

Tatizo likawa kula. Mtumbwi uliuzwa kumalizia matibabu, magoti ya Paskazia yakaanza kukataa maji ya baridi ya alfajiri, na dagaa wenyewe wakawa wa kugombania. Wenye magari makubwa walikuja na magunia, wakikomba hata dagaa wenye mchanga, wakisema ni wa kusagwa wawe chakula cha kuku na cha samaki. Jambo hilo lilimkera Paskazia kuliko magoti. Dagaa aliyepokelewa gizani, akaanikwa, akageuzwa, akapepetwa, eti kwenda kumlisha samaki mwenzake wakati kuna watoto wanakula ugali kwa chumvi. Alimwambia hivyo dereva mmoja wa lori, dereva akapandisha kioo.

Ndipo mwanawe wa kwanza, Alexander, fundi wa dari za jipsamu anayeishi Buswelu, akaja na mkewe Winnie kumchukua. Walikuwa wamemwandalia chumba, Winnie amekipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Paskazia alikwenda, hakuwa na sababu ya kukataa upendo. Akakaa siku chache. Nyumba safi, maji ndani, mkwe mwenye adabu, wajukuu wanamgombania. Asubuhi akafungua dirisha akaona ukuta wa jirani. Akatoka barabarani akaona milima na mabati. Alizunguka mtaa mzima akitafuta mahali pa kuliona ziwa, akaulizwa na watu kama amepotea. Jumapili aliomba arudishwe.

"Mama, utakula nini kule peke yako?" Alexander aliuliza.

"Nitakula nitakachofanyia kazi," akajibu. "Siku nitakayoshindwa kujilisha kwa mikono yangu, usije kunibembeleza. Nitakuja mwenyewe na godoro langu."

Alexander alimjua mama yake ni mtu wa neno lake. Akamrudisha Igombe, akasubiri.

Hellen alitokea kipindi hicho. Binti wa Kahama, amesomea ufugaji wa samaki, ameajiriwa na kikundi cha wafugaji wa pale mwaloni wenye vizimba vya sato ndani ya ziwa. Vizimba ni zile nyavu kubwa za mraba zinazoelea, ndani yake samaki wanalishwa kama kuku. Alimkuta Paskazia amekaa juu ya jiwe lake la kuanikia, jiwe tupu, akamwamkia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Mama, nimeambiwa hapa Igombe hakuna anayejua kuanika kukushinda."

"Walisema kweli. Unataka kuanika nini?"

"Mabuu."

"Ndiyo nini hayo?"

"Funza, mama. Funza wa nzi."

Paskazia alimtazama binti yule kuanzia kichwani hadi miguuni. Mtoto mzuri, amevaa vizuri, ana elimu yake. Akamwonea huruma. Hellen akakaa chini bila kuambiwa, akaeleza. Kuna nzi mweusi mwembamba, ukimwona utadhani nyigu, haingii ndani ya nyumba wala hatui kwenye chakula cha mtu. Funza wake hula maganda na mapapai yaliyooza sokoni, wananenepa upesi, na mwili wao umejaa kilekile kinachofanya dagaa wawe chakula bora. Ukiwavuna wangali weupe, ukawachovya kwenye maji ya moto, ukawaanika, ukawasaga na mashudu na pumba, sato anakula na kukua. Dagaa wanabaki kwa watu.

Hilo la mwisho ndilo lililoingia. "Dagaa wanabaki kwa watu," Paskazia akarudia. Akauliza kama wale sato wenyewe huliwa na binadamu. Hellen akasema ndiyo. Akauliza kama Hellen mwenyewe huwala. Hellen akasema jana tu amekula. "Haya," akasema Paskazia, "walete hao wadudu wako."

Mwanzoni alivaa glovu na kujifunga kitambaa puani, akawa anasali rozari huku anawapa maganda. Glovu zikaenda kwanza. Kitambaa kikafuata. Baada ya muda akawa anaingiza mkono mzima ndani ya beseni, anasikiliza joto lao, anajua wameshiba au wana njaa. Kibanda cha nzi kilikuwa pembeni, kimezungushiwa chandarua, humo nzi wanataga. Mabeseni yakakaa chini ya paa la makuti. Na pale juu ya mawe, kwenye nyavu zilezile za zamani, akaanika funza wake, akawageuza kila jua liliposogea, akigombana na makorongo, ndege warefu waliosimama kando kama wazee wa baraza wanaosubiri pilau. Hellen alipochukua mzigo wa kwanza, akamvunja funza mmoja mkononi, mlio ukasikika, akasema hajawahi kuona mkavu namna hii. Paskazia akaangalia pembeni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu aulizie vitu vya mama Alex.

Sato walikua. Siku Hellen alipomletea mmoja mkubwa, Paskazia alimkaanga, akamweka mezani, akamzunguka, akamla mkia kwanza, kisha akammaliza mpaka kichwa. Akamwambia jirani yake Justa, kwa sauti ya mtu aliyekosewa, kwamba ni mtamu.

Kisha mwezi ukajaa.

Hapa ndipo penyewe. Mtu mwingine yeyote, wa Kahama, wa Dar es Salaam, wa popote, angejiuliza: hawa wadudu nawaacha na nani? Paskazia hakujiuliza. Si kwa uzembe, maana huyu ni mwanamke aliyewahi kuamka na homa kali kwenda kuanua dagaa mvua isije ikawakuta. Ni kwamba mwili wake ulifundishwa tangu usichana kuwa mwezi ukiwa mweupe kazi imelala. Imelala kwa kila mtu, Igombe nzima. Aliwapa funza maganda mengi ya kuwatosha, kama mtu anavyomwachia paka maziwa, akafunga mlango, akavuka daraja. Hakumuaga Hellen. Tangu lini mtu akaaga mbalamwezi?

Huko kwa Getruda alikaa kwa raha zote. Alifagia kaburi, akamweleza Masele habari za funza kwa kirefu, na akajua kabisa ni wapi angecheka. Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka akafungasha, akarudi.

Alianza kuwaona nje ya uzio. Weusi, wagumu, wanatambaa kwenye njia ya miguu kila mmoja na safari yake. Uani walikuwa wengi zaidi. Walikuwa kwenye vyungu, kwenye ndala alizoziacha mlangoni, kwenye mikunjo ya mkeka. Funza akishapita siku zake za weupe, anaacha kula, anajivika ganda, anatafuta pakavu pa kujificha ageuke nzi. Akifikia hapo hafai kulishwa sato, ganda halisagiki vizuri na unono wake umepungua. Mabeseni yote yalikuwa hivyo. Hapakuwa na beseni hata moja la kuvuna.

Hellen alikuwa amekaa kwenye jiwe. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Nimekupigia simu, haipatikani. Nikafikiri umekufa humo ndani. Nikaita watu wavunje mlango, mama Justa ndiye akaniambia umekwenda kwenu kwa sababu ya mwezi. Mama, samaki hawajala. Nilikwenda mwaloni kutafuta dagaa wa kuziba pengo, mitumbwi yote imevutwa juu. Hakuna dagaa mbalamwezi."

"Najua hakuna," Paskazia akasema. Yeye wa kuambiwa mbalamwezi hakuna dagaa.

Walilisha pumba tupu na mashudu mpaka giza liliporudi, na sato wakadumaa, mavuno yakasogezwa mbele. Kikundi kikaitisha kikao. Mwenyekiti wao, Shigela, aliyekuwa akinunua dagaa kwa Paskazia zamani, alishindwa hata kumtazama usoni. Alisema kila mtu anamheshimu mama Alex, lakini mifugo haina likizo, na wapo vijana wanaoitaka kazi ile. Watu wakamgeukia Paskazia waone atajiteteaje. Angewaambia nini? Kwamba alikwenda kukaa na mumewe? Akasema, "Kosa ni langu," akakaa. Hellen ndiye aliyesimama kumwombea. Alisema wale weusi hawajapotea wote, amewakusanya aliowapata, watatoka nzi, nzi watataga, na mzunguko mwingine utapatikana. Apewe huo mmoja. Ukiharibika, kazi wapewe wengine. Shigela akakubali upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa.

Habari zilifika Buswelu kabla ya jua kuzama. Alexander akaja na pikipiki, akakaa kwenye kiti cha uani, akakataa chai.

"Mama, ulisema mwenyewe."

"Nilisema siku nitakayoshindwa. Sijashindwa, nimekosea."

"Ukishindwa huu mzunguko?"

"Utaleta gari la godoro."

Alexander akainama akivuta jani kutoka kwenye soli ya kiatu. Si mtoto mbaya huyu. Usiku upepo wa ziwa ukivuma yeye huko Buswelu hukaa macho akimwaza mama yake peke yake kwenye nyumba ya mwisho kabla ya maji. "Chumba chako kipo," akasema.

Basi kazi ikaanza upya. Nzi walitoka, wakataga, mayai yakaanguliwa, funza wadogo kama punje za ulezi wakaanza kula. Paskazia hakuwa na shaka na mikono yake. Kilichomsumbua ni hesabu, na hesabu ile alianza kuiona mapema, akajitia hamnazo, akairudia, ikatoka vilevile. Funza watakuwa tayari kuvunwa mwezi ukiwa umejaa. Mavuno, maji ya moto, kuanika, kugeuza, kuanua, vyote vinaangukia mbalamwezi, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alikaa nayo moyoni mpaka Hellen alipomwona amekonda.

"Mama, kuna nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kaburi, Getruda, mkeka, na jinsi mume wa dagaa anavyokuwa wako nusu ya mwezi tu. Alimaliza amekasirika, maana hakuwa amepanga kulia mbele ya mtoto wa watu.

Hellen alifikiri. "Si kuna daraja? Nenda asubuhi urudi jioni, mimi nitageuza."

"Masele hakuwa mtu wa kutembelewa asubuhi na kuachwa jioni. Na wewe ukigeuza utaniharibia funza."

Hellen hakubisha, maana hilo la pili lilikuwa kweli. "Basi mama, subiri tumalize kuanika. Ukishanikabidhi mzigo, nenda ukakae utakavyo. Itakuwa mwezi umeisha, lakini kaburi si lipo palepale?"

Paskazia akamwangalia. Huyu binti amesoma, na ana moyo mzuri, na hajawahi kuolewa na mtu wa dagaa.

"Gizani nitamkuta nani, Hellen?" akasema. "Gizani Masele hayupo nyumbani."

Hellen akachukua ndoo ya maganda akaenda kulisha mabeseni ya mwisho, ingawa yalikuwa yameshalishwa.

Mwezi ukaja, hauna habari na mtu. Jioni ya kwanza ulipoonekana mkubwa juu ya visiwa, mitumbwi ikavutwa mwaloni, wanaume wakaanza kupiga soga na sindano za nyavu mikononi. Justa akapita na mfuko, anakwenda kwao Magu. Akamkuta Paskazia anachochea moto chini ya pipa la maji. "Wewe husafiri?" akauliza. Paskazia akasema funza wake hawajui mbalamwezi. Justa alicheka akidhani ni mzaha.

Aliwavuna weupe, wanono, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Akawachovya, akawachuja, akawatandaza juu ya mawe. Jua lilikuwa kali siku zile, lakini mchana mmoja wingu likapanda kutoka upande wa Ukerewe, akalijua kabla halijafika, akaanua peke yake huku magoti yanapiga kelele, na mvua ikanyesha funza wakiwa ndani, wamelala hadi kitandani kwake. Yeye akalala kwenye mkeka. Kesho yake akawatoa tena. Hellen alikuja kila siku na hakugusa kitu, alikaa tu akimsaidia kufukuza makorongo.

Siku ya mwisho ya kuanika Alexander alikuja, safari hii na Winnie. Walimkuta mama yao amepiga magoti juu ya jiwe anageuza, kanga imelowa jasho mgongoni, nyuma yake ziwa limetulia na vizimba vinaelea. Alexander alisimama pale uzioni muda mrefu. Kisha akavua viatu, akapanda juu ya jiwe, akaanza kugeuza upande wa pili, kama alivyofundishwa akiwa mdogo. Winnie naye, ambaye akiona mende hupanda juu ya meza, akashika gunia akafumba macho huku wanamimina. Hakuna aliyetaja Buswelu. Jioni Hellen na Shigela walikuja na mtumbwi, wakapakia, na Shigela akaubonyeza mfuko mmoja akasema, "Hawa wa mama Alex," kama zamani.

Wote walipoondoka, Paskazia akaoga. Akavaa gauni safi, akatoa mkeka uani. Mwezi ulichelewa kutoka, ila ulikuwa bado mpana, ziwa lote jeupe, hakuna taa hata moja majini. Alikaa kidogo akiwa hana la kufanya. Hapo ndipo yalipomfika. Mbalamwezi nzima ilikuwa imepita na hajamwona Masele. Akalia kwa sauti, kwa vile hapakuwa na mtu wa kumsikia, na hakutafuta leso.

Kisha akachukua simu akampigia Getruda.

"Wifi, umetutupa," Getruda akaanza bila salamu. "Nafagia mimi, natoa mkeka mimi, naongea peke yangu watu wanaona nimechanganyikiwa."

"Wifi, sikuja. Nilikuwa kazini."

Getruda alikuwa ameolewa na mvuvi na yeye, amekuwa mjane kabla ya Paskazia.

"Nikamwambie nini?" akauliza.

"Mwambie nimebaki nyumbani kwetu. Mwambie nimepata kukaa uani kama zamani."

"Nitamwambia. Kwa hiyo mpaka mwezi ujao?"

"Hapana. Keshokutwa nakuja, nikishaosha mabeseni."

"Keshokutwa giza linaingia, wifi. Umesema mwenyewe siku zote, gizani hayupo."

"Najua hayupo," Paskazia akasema. Alikuwa ameshaanza kukunja mkeka. "Nitakaa nimsubiri. Nilimsubiri miaka yote ile, wifi, nitashindwa leo?"